Keji ya Shemeji

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Leo tumeanza! Mimi na shemeji yangu Gichuru tumetoa paipu za chuma Gikomba — paipu nzito, za kubebwa na watu wawili — tukazifikisha kwake Ziwani. Yeye ni fundi wa mageti. Geti likipendeza Ziwani, uliza, utaambiwa ni la Gichuru.

Mimi ni dereva wa lori la unga. Pikapu yangu ni kuukuu, lakini mwezi huu ukiisha naiingiza mashindano ya matope kule kwari, machimbo ya zamani ya mawe. Miaka yote hii nimekuwa wa kutazama tu kando ya kamba. Sharti lao moja: bila keji huingii. Keji ni fremu ya paipu ndani ya gari, likipinduka paa lisitubonde.

Nimemtengenezea Gichuru mfano wa waya, vile tulivyokuwa tunaunda magari ya waya utotoni. Upinde mmoja nyuma ya viti, mwingine mbele kwa kioo, paipu za kuziunganisha juu, miguu miwili ya kurudi nyuma, na moja ya kukata kutoka kona hadi kona. Chini, sahani nene za chuma za kushika chesi, mifupa ya gari. Akaugeuza geuza mkononi, akaniuliza kama nitataka na mishale juu, kama ya geti. Nikacheka. Sasa nikikumbuka, yeye hakucheka.

Wangu, mke wangu, ndiye atakayeketi kando yangu kunisomea njia. Gichuru ni kaka yake wa tumbo moja. Kwa hivyo si mimi peke yangu nitakayekuwa ndani ya hizo paipu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepitia Ziwani nikitoka kazini. Turubai! Ameizungushia pikapu yangu turubai pande zote kama choo cha matanga. Nikaita. Akatoka akifuta mikono, akasimama palepale pa kuingilia, hakunikaribisha. Eti mwanga wa welding unaumiza macho ya watoto wanaopita. Watoto gani? Saa hiyo wako shule!

Eti nirudi Jumamosi. Gari ni langu na mimi ndiye ninayeambiwa nirudi Jumamosi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimerudi. Upinde wa nyuma umesimama, wa mbele pia. Kwa macho ni sawa. Lakini kwa macho hata chuma cha kitanda ni sawa.

Nyuma ya jiko lake la makaa nimeona paipu zingine. Za ukuta mwembamba! Za maji. Unene wa nje ni uleule wa zangu, ukizipaka rangi hutazijua. Nikamuuliza ni za nani. Akasema kuna mama wa Kariokor anataka nguzo za kuanikia nguo. Akakohoa, akaniuliza habari za Shirleen, binti yetu, kama mtihani ulienda vizuri. Mtu akiulizwa paipu anajibu mtihani?

Kitu kingine. Chini ya meza kuna mikebe ya puti, ile ya kuziba mabonde ya bodi ya gari. Mikebe mitatu, imefunguliwa. Mimi sijamwambia azibe bodi. Basi anapaka puti gari la nani, kwa umeme na muda wa kazi yangu?

Nimemwambia Wangu. Akaendelea kushona mikanda yake ya ngozi, ya kupeleka soko la Kariokor. Akasema mimi nikiona moshi nauliza nani ameiba kuni. Acha aseme. Ni kaka yake.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya kanisa Gichuru alikuja kwetu Makongeni kula. Tukala vizuri. Nikatoka kununua soda, na niliporudi nikawakuta wameinamiana, wakiongea Kikuyu kwa sauti ya chini. Huwa naambulia kidogo. Leo nimeshika neno moja tu, ngari, yaani gari. Nilipoingia Gichuru akaanza ghafla kusifu ugali.

Alipoondoka nikambana Wangu. Mwishowe akasema kaka yake hataki apande hilo gari. Amemsihi. Amemwambia atafute sababu yoyote, hata aseme anaumwa.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Fundi hataki dada yake aingie ndani ya kazi ya mikono yake! Mimi je? Mimi niingie? Mimi si dada ya mtu!

Nimeshindwa kulala mchana, na Jumapili ndiyo siku yangu ya kulala.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimemtafuta Tobias, makanika wa Jogoo Road. Alishawahi kushindana, ndiyo maana anachechemea. Nikamweleza bila kutaja jina la mtu. Akasema jambo hilo ni rahisi: toboa tundu dogo kwenye paipu, chini, mahali pasipoonekana, uingize waya uliokunjwa ncha upime unene wa ukuta wake. Paipu haina ukabila wala ushemeji, akasema, itakuambia ukweli.

Akaongeza mengine kuhusu alama za welding, kwamba viungo viachwe na vinundu vyake, visisagwe. Sikumfuata sana. Akili yangu yote ilikuwa kwenye paipu za maji nyuma ya jiko. Ameniazima drili.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimetoboa.

Nilingoja Gichuru aende kununua chai. Nikaingia ndani ya turubai, nikalala chali sakafuni pa gari, nikatoboa upinde wa nyuma, halafu wa mbele, halafu ile ya kukata kona. Nikapima kila moja kwa waya. Nzito. Nzito. Nzito! Ni zilezile tulizobeba Gikomba, begani bado nina alama.

Kumbe yuko nyuma yangu na birika mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Yeye akatazama unga wa chuma kifuani mwangu, kisha drili.

"Hujatoboa paipu, shemeji," akasema. "Umenitoboa mimi."

Akaweka birika chini taratibu na akaenda zake. Chai ikapoa hapo. Yule mama wa Kariokor alikuja kabla sijaondoka, na nguzo zake za nguo akazichukua.

Aibu. Aibu tupu.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani Wangu ameketi benchi lingine. Nyumbani akanipakulia chakula bila kuniangalia. Halafu akasema, mara moja tu, wala hakupaza sauti:

"Ukishika tena drili juu ya kazi ya kaka yangu, nenda ukaishi na hilo gari."

Nikaahidi. Kwa jina la mtoto wetu nikaahidi: sitoboi, sipimi, sichunguzi.

Jumatatu, 22 Septemba

Kwetu mtu hasemi samahani kwa mdomo mtupu. Nimechinja jogoo. Gichuru akaitwa, akaja, uso umefungwa. Nikafanya jambo ambalo baba yangu angezimia kuliona: firigisi, ambayo ni ya mwenye nyumba na hakuna mwingine anayeigusa, nikaichukua kwenye sahani yangu nikaiweka kwenye yake. Wangu aliona akashusha macho, amekaa na sisi Waluhya vya kutosha kujua. Gichuru yeye akaitafuna huku akiongea, akaniuliza kama kuna ingine!

Nilicheka mpaka machozi. Naye akacheka. Halafu akafunguka. Anamkataza dada yake kupanda kwa sababu kiti hicho anakitaka yeye! Tangu siku ya kwanza. Alikuwa anaona haya kuniomba, mtu mzima kama yeye. Na turubai? Alitaka nione kazi ikiwa imekamilika, iniingie moyoni mara moja.

Wangu akampa kiti hapohapo, akasema yeye atapiga picha.

Mtu anayeweka shingo yake mwenyewe humo, mimi nilimfikiria mwizi. Mungu anisamehe.

Jumatano, 24 Septemba

Keji imekwisha. Jamani! Nyeusi, inang'aa, imepinda kama imemiminwa hivyo kiwandani. Ziwani watu walitoka nyumbani kuitazama. Gichuru anazunguka gari na kitambaa, anafuta alama za vidole vya watu.

Nimeileta Makongeni. Wangu ameshonea ngozi sehemu zote za karibu na vichwa, na sponji ndani, mshono mdogo mdogo wa mkono. Kona zote za juu amezifunika.

Hakuna kinachonisumbua. Na kwa ninavyojijua, hilo lenyewe linanisumbua. Nimelala nikijiambia: Shiundu, koma.

Jumapili, 28 Septemba

Kwari. Naandika nimeketi juu ya jiwe, daftari gotini. Tuko kwenye foleni ya kushuka matopeni. Magari matatu mbele yetu.

Mkaguzi wao alipita asubuhi. Akaitikisa keji kwa mikono miwili, akatazama mikanda, akatazama bolti za chini. Akasema kazi safi, akatubandikia kibali. Gichuru alitaka kumkumbatia.

Tangu hapo anaita watu. "Tafuta mahali nimeunga," anawaambia. Wanapitisha vidole, hawapaoni. Wanashangaa. Na mimi nikapitisha changu, kwa kujivuna, pale kwenye kiungo cha mlangoni ambacho hakina ngozi. Laini. Kama shavu la mtoto.

Nikatembea kutazama magari ya wengine. Lile la mbele, viungo vyake vina vinundu, vimevimba, vibaya kama kidonda kilichoshonwa na mlevi. La pili hivyohivyo. La tatu ni la tajiri, lina kila kitu, na viungo vyake ni vinundu. Wote! Ni letu peke yake ambalo halina.

Hapo maneno ya Tobias yakanirudia. Viachwe na vinundu vyake, ndivyo vinavyoshika. Na ile mikebe ya puti nikaiona tena akilini.

Nikarudi. Nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikakwaruza kile kiungo kwa ufunguo wa gari. Rangi ikatoka. Chini yake kijivu, unga, si chuma. Nikakwaruza tena. Ufunguo ukaendelea kuingia. Amesaga welding kwa grainda mpaka ikalingana na paipu, akaziba mifereji kwa puti, akapiga msasa. Ndivyo anavyofanya geti la mtu anayempenda. Geti halipinduki na watu ndani.

Hakuiba. Hakuficha. Alitupendezeshea. Sijui hivi viungo vimebakiza chuma kiasi gani, pengine kinatosha, pengine ni rangi tu imeshikilia. Naogopa. Nimeshamtoboa mara moja na nilikosea, na dada yake akajua. Nitamwambiaje leo, mbele ya watu wote hawa wanaomsifu?

Magari mawili mbele.

Wangu ameona ufunguo mkononi mwangu, na ile alama. Ameshusha simu ya picha.

"Baba Shirleen," amesema, "uliniahidi."

Ameniangalia, akaiangalia ile alama tena.

Kiungo kimoja hakithibitishi kitu. Kikubwa ni kile cha juu, kinachobeba paa, na kiko chini ya ngozi. Kukiona lazima nikate mshono wa Wangu.

Limebaki moja. Gichuru ameshajifunga mkanda, amevaa helmeti ambayo ilikuwa ya Wangu, anapiga dashibodi kwa viganja. Shemeji, anaita, shemeji twende. Watu wanampigia makofi.

Begi la Wangu liko hapa miguuni. Kisu chake cha ngozi kimo ndani. Nimekitoa.