Jina Nililolitaja Bungeni

Nyumba za Mabati, nyuma ya kiwanda cha kuku,
Harlan Creek.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada Tomasa,

Pokea salamu zangu za mikono miwili. Umeamkaje, na magoti yako yanasemaje na baridi ya huko milimani? Mama naye, ameshakubali kuvaa vile viatu nilivyomtumia au bado amevifungia sandukuni? Sisi tu wazima, ila vidole vyangu asubuhi havikunjiki mpaka nivitie kwenye maji ya moto. Ofelia anakohoa kidogo. Maribel ananifikia begani sasa, na mdogo wake Keyli ameanza kung'oka meno.

Usishtuke kuona barua badala ya sauti yangu. Simu siku hizi naiogopa. Nimempa Don Eulogio, yule anayepeleka vifurushi huko kwetu, akukabidhi mkononi. Isome peke yako kwanza, ndipo uamue Mama umwambie nini.

Dada, hapa kila jimbo lina bunge lake, na bunge la jimbo letu lina mswada wa shule. Wanataka kila shule ya serikali iulize karatasi za mtoto za kuishi hapa. Asiye nazo, mzazi alipe ada ambayo mtu wa kiwandani haiwezi, au mtoto abaki nyumbani. Keyli alizaliwa hapa, yeye hana shida. Maribel unajua mwenyewe alivukaje mpaka, mgongoni kwangu. Basi katika nyumba moja, mmoja atavaa begi asubuhi na mwingine atamwangalia dirishani.

Mwalimu wake, Bi Pruitt, alikuja hapa kwetu. Alisema wabunge wameshawasikia walimu na mawakili mpaka wamechoka, sasa wanapaswa kumsikia mzazi. Kila mtu anaruhusiwa kusema mbele ya kamati, dakika mbili, mkalimani yupo. Ila lazima utaje jina lako na mahali unapoishi, na kikao kinaonyeshwa kwenye televisheni.

Hapo ndipo nilipokwama. Wewe unajua jinsi tulivyopata kazi hapa. Kiwandani mimi si Anselmo. Ni Rogelio Paz, kwa sababu karatasi nilizofanyia kazi ni za Rogelio Paz, na tangu Maribel akiwa mdogo nimeitikia jina hilo mpaka usingizini. Nikamwambia Ofelia nitasema kwa jina la kiwandani, hakuna atakayejua.

"Utamtetea mwanao kwa jina la mtu mwingine?" akaniuliza. "Basi kaa nyumbani, Baba Maribel. Nitakwenda mimi."

"Na wewe ukikamatwa?"

"Na wewe ukikamatwa?"

Hatukucheka. Maribel alikuwa anaosha vyombo na maji aliyafunga ili asikie vizuri.

Nikaenda mimi, na kwenye orodha ya wasemaji nikaandika jina langu la kweli. Tulipanda gari la kanisa mapema sana, wazazi wachache, na Mama Chus wa nyumba ya jirani ambaye alibeba tamali zake za unga wa mahindi za kutulisha wote. Njia nzima ni yeye aliyekuwa anaongea. "Anselmo, hilo shati umeazima kwa maiti?" Mimi nilitabasamu tu.

Jengo lenyewe ni la mawe meupe, na mlangoni askari anakupekua mpaka mkanda. Nilipomwona yule askari nilitaka kurudi garini. Bi Pruitt akanishika kiwiko kama mgonjwa, tukaingia.

Walisema watu wengi. Mmoja alisema watoto wetu wanawalia watoto wao chakula. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeagiza kahawa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Kisha mwenyekiti akaita, "Anselmo Tzunux." Sikusimama, Dada. Nilimsikia vizuri, na nikageuka kutazama nyuma nione ni nani huyo anayeitwa. Akaita tena. Akashika karatasi nyingine aite mtu anayefuata.

Mama Chus akanipiga kiwiko cha mbavu. "Simama wewe, ni jina alilokupa mama aliyekuzaa hilo."

Nikasimama. Nikataja jina, nikataja Harlan Creek, na yale yote niliyojifunza yakayeyuka. Nikasema tu kwamba mimi niliacha shule darasa la tatu kwenda kuchuma kahawa, na kwamba binti yangu ndiye anayemsomea mama yake maandishi ya chupa ya dawa. Nikasema sikuja kuomba cha mtu. Kodi ya shule iko ndani ya pango la nyumba ninalolipa kila mwezi. Nikasema mkimtoa shuleni, najua atakwenda wapi, kwa sababu mimi ninasimama hapo kila siku.

Seneta mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Unasimama wapi, bwana? Unafanya kazi wapi?"

 Mkalimani alikuwa ananitazama mdomoni. Nikasema, "Nakata kuku, mheshimiwa. Hao mnaokula Jumapili." Watu wakacheka, hata yeye. Nikajiona mjanja. Nilipokaa ndipo nikakumbuka kwamba mji nimeshautaja, na mji wetu una kiwanda kimoja tu.

Hawakupiga kura siku hiyo. Wameahirisha mpaka Alhamisi. Bi Pruitt anasema kuna maseneta wawili waliokuwa upande wa mswada ambao sasa hawana uhakika. Anasema hilo ni jambo kubwa. Huenda.

Kesho yake nilirudi kwenye mashine. Msimamizi wetu, Curtis, alipita nyuma yangu kama kawaida yake, akainama karibu na sikio langu kwa sababu ya kelele. "Nimekuona kwenye televisheni," akasema. "Shati lilikupendeza, Anselmo." Akaenda zake. Sijui alikuwa ananipongeza au ananipa muda wa kukimbia. Tangu hapo hajasema neno, na gari lolote likipunguza mwendo nje Ofelia anazima jiko.

Maribel tumemwambia aendelee kwenda shule. Anakwenda. Juzi alirudi na kunionyesha alama za hesabu, nami nikamwambia vizuri, huku namtazama mkono tu, jinsi ulivyo mdogo.

Msalimie Mama na umbusu kwa niaba yangu, msalimie shemeji Baltasar na watoto wote, na yule Mzee Crisanto kama bado anauza mishumaa. Mungu awafunike ninyi nyote, na sisi huku asitusahau.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Nenda kwa mwalimu wa shule ya hapo mtaani, umuulize kama anaweza kumpokea msichana wa darasa la sita katikati ya mwaka. Usimwambie ni wa nani. Na kama siku moja atateremka kwenye basi hapo peke yake, ameshika mkono wa mdogo wake, usimcheke, Dada. Kikiche', lugha yetu ya nyumbani, anakielewa, ila hajui kukijibu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuamini kuliko wote,
Anselmo