Barua ya Kujieleza

Mbagala,
8 Machi 1999

Mdogo wangu Twalib,

Assalaam aleikum. Mie mzima, mama naye goti limetulia, anakuulizia wewe na baridi la huko Uholanzi.

Ila nina hasira, nikikaa nikisimama ni hizo tu. Ile programu ya hesabu uliyonitumia kwenye disketi, ambayo mie na darasa la sita tulikaa likizo nzima tukaigeuza Kiswahili, mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Adelard, kanikuta nawanakilia walimu wa shule ya jirani. Kanipokonya disketi zote. Anasema hakuna Mzungu wa kutoa kitu kama hicho bure, kwa hiyo ni cha wizi, na mie naendesha magendo shuleni. Mie, Tabu, magendo! Kanipa siku saba nijieleze kwa maandishi, la sivyo faili langu linakwenda wilayani. Kompyuta yetu ile moja ya msaada kaifunika kitambaa cha kudarizi, wageni waitazame.

Niandike nini? Nijibu upesi.

Dada yako,
Tabu

Utrecht,
27 Machi 1999

Shikamoo dada,

Natumai nyote hamjambo. Mie nipo salama. Barua yako nimeipata leo, nimeisoma hata koti sijavua.

Usiombe radhi. Aliyeitunga programu ile kaweka ruhusa kwa mkono wake: yeyote aitumie, ainakili, aibadilishe, aigawe, mradi asimnyime mwenzake ruhusa hiyohiyo. Nimekuchapia na kukutafsiria, imo humu ndani ya bahasha. Huyo mkuu wenu kumwita mwalimu mwenzake mwizi bila kusoma hata mstari mmoja, huo ni utu gani?

Kosa langu ni kukutumia disketi bila karatasi. Nisamehe kwa hilo.

Mdogo wako,
Twalib

Mbagala,
3 Mei 1999

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Afya ipo, roho ndiyo imechafuka.

Siku saba haziisubiri posta ya Ulaya. Siku ya sita niliandika kwamba nimekosa, nilileta mali ya wizi, naomba nisamehewe. Nikatia sahihi. Mama ananitegemea mie, Twalib. Karatasi yako ilifika mwezi mzima baadaye.

Sasa sikia. Wiki iliyopita mwalimu mkuu kanunua programu aliyoiita halali, na onyo juu yake: marufuku kunakili. Akaiwasha mbele ya kamati ya wazazi na darasa langu. Watoto wakaanza kucheka. Ni yetu! Hata swali alilolitunga mwanafunzi wangu Khulud limo, la bibi kuwagawia wajukuu watano vitumbua kumi na saba, na viwili vinavyobaki anavila mwenyewe. Kumbe disketi zangu alimpelekea muuzaji azikague. Ruhusa wameifuta, na jina la mtunzi wamelifuta.

Nikasimama nikaisoma karatasi yako mpaka mwisho. Mwalimu Adelard naye akatoa faili langu, akawasomea barua yangu. Mzee Zahor, mwenyekiti wa kamati, akaniuliza mbona nilikiri kama sikuiba.

“Nilimwogopa huyu,” nikasema nikimwonyesha mwalimu mkuu, watoto wananisikia.

Kikao kikavunjika, naye akasema faili langu sasa linakwenda wilayani. Nikamwomba mwalimu mkuu aiweke karatasi yako kando ya barua yangu kabla faili halijakwenda wilayani. Akakataa, eti faili halipokei karatasi isiyo na mhuri. Nikamuuliza ule uongo wangu ulipata wapi mhuri.

“Niliugonga mwenyewe,” akasema.

Dada yako,
Tabu