Maziwa Kwenye Waini

Leipzig, 9 Juni 2024

Mama mpendwa,

Chamgei. Natumai baridi ya Kuresoi haijakuingia magotini sana. Mimi ni mzima, ila miguu inalalamika. Wazee ninaowatunza hapa wameongezeka, na kila mmoja anataka kuogeshwa wa kwanza.

Ile sufuria ya umeme niliyotuma na Jepkemei alipokuja huko likizo ilifika? Kaka Jerry atakuletea chupa mbili za waini nyekundu kutoka Nakuru. Usishtuke. Huku wakati wa baridi watu huipasha moto pamoja na mdalasini, karafuu, sukari na vipande vya chungwa, wakainywa polepole kama uji. Mimina yote, washa moto wa chini kabisa, uache mpaka nyumba inukie. Isichemke.

Ni ya Baba. Nimewaza sana, Mama. Kumkataza pombe tumeshindwa. Basi afadhali kikombe kimoja cha moto akiwa nyumbani, kuliko ile chang'aa ya kule mtoni halafu tuanze kumtafuta kwa mitaro. Ile Krismasi alipoangukia meza mbele ya wageni wangu bado naiona. Nikisikia ametulia hata kidogo, nitakuja Desemba. Sijui kama unajua jinsi ninavyotaka kuja.

Binti yako,
Jepleting

Kuresoi, 23 Juni 2024

Jepleting wangu,

Chamgei mising. Magoti yapo, yananisalimia kila asubuhi. Waru shambani zimestawi, mvua ndiyo imekataa kutuachia. Nakuandikia kwa sababu ukipiga simu baba yako huiweka loudspeaker, na kuna mambo si ya loudspeaker.

Sufuria ilifika, na Jerry alileta chupa. Lakini waini imeharibika. Niliiwasha asubuhi vile ulisema, nyumba ikanukia kama ya harusi. Halafu nikafunua nikaona ni strungi tu, kama chai kavu. Kitu cha moto chenye mdalasini, na hakina maziwa, utampa nani kwa boma hili bila aibu? Watasema ng'ombe wetu wamekufa. Nikatia maziwa ya asubuhi. Ikakatika vipande vipande, rangi yake sitaki hata kukuambia. Nilimwaga nyuma ya zizi na kuku wakapita mbali.

Cheka tu, najua utacheka.

Mamako

Leipzig, 30 Juni 2024

Mama,

Habari ya huko? Mimi sijambo, na mbavu zinaniuma. Nilicheka mpaka mzee mmoja akataka kujua kuna nini. Nilipomweleza, akashika kichwa kwa mikono miwili. Sasa kila nikimpelekea chai ananiuliza kama mama yangu ndiye ameipika.

Usijali, Jerry atapita na chupa nyingine. Safari hii ng'ombe wakae mbali na jikoni.

Lakini nimesoma barua yako mara ya pili. Hukusema Baba yuko aje. Hukusema kama alionja. Ananywa sana siku hizi? Niambie ukweli tu, nimeshazoea.

Binti yako,
Jepleting

Kuresoi, 18 Agosti 2024

Jepleting wangu,

Chamgei. Najua nimenyamaza sana na umekuwa na wasiwasi. Hakuna mgonjwa hapa. Jerry alikuja na zile chupa, nikamwambia arudi nazo kwake Kiamunyi. Usimlaumu.

Mimi nimepika tangu nikiwa msichana. Nilijua maziwa yatakatika.

Baba yako hajaonja pombe tangu Septemba mwaka jana. Sikukuambia kwa sababu mara mbili nilikuambia ameacha, na ile ya pili ukakata tikiti, akarudia pombe akaanguka, ukapoteza safari na mimi nikapoteza uso. Nikasema sasa nitafunga mdomo mpaka mwaka wake bila pombe uishe. Ndipo ukatuma waini, tena kwa mapenzi. Ningekataa vipi bila kusema sababu?

Niliipika siku anayopeleka waru Molo. Nilitaka nikupigie picha tu, ufurahi, halafu niimwage. Lakini barabara ilikuwa tope, akageuza. Akafuata harufu mpaka jikoni. Alivuta kigoda akakaa mbele ya hiyo sufuria yako, kofia mkononi, macho kwa kile kifuniko cha glasi. Niliogopa, mtoto wangu, kuliko siku zote alizorudi amelewa. Jagi ya maziwa ilikuwa karibu, nikamimina yote.

Akaangalia vile ilikatika. Akasema, "Asante, Mama Jerry. Ningekunywa." Akavaa kofia, akaenda kupasua kuni.

Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, si yeye.

Mamako

Leipzig, 25 Agosti 2024

Mama yangu,

Chamgei, wewe na Baba. Mimi ni mzima, macho tu ndiyo yamevimba. Nilisoma barua yako kazini nikajifungia chooni, na yule mzee wangu akakosa chai.

Mimi ndiye nilimwekea Baba kitu hicho mbele yake. Ningejua, nisingetuma hata karafuu. Na wewe umebeba haya peke yako karibu mwaka mzima, na juu yake ukakubali nikucheke. Sikukasirikii. Nakuonea huruma, na ninajivunia wewe.

Sufuria usiitupe. Weka juisi ya matunda damu, mdalasini, karafuu na lile chungwa, moto wa chini. Rangi itakuwa ileile. Nataka Baba ndiye anipakulie kikombe nikifika.

Nimekata tikiti leo asubuhi, ya Desemba. Sikungoja mwaka wake uishe. Na akianguka kabla ya hapo, Mama, usinifiche. Niambie, nami nitakuja hivyo hivyo.

Binti yenu,
Jepleting