Koa Waliotutangulia Nyamitaba

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Nimemwaga majivu tena, kabla hata ya kunawa uso. Duara dogo la kijivu kuzunguka kila mche wa shu, kabichi zetu. Mgongo unauma.

Koa walikuwa wamepita. Ute wao ulikauka juu ya majani, juu ya mpini wa jembe, mpaka kizingitini kwetu. Jua lilipotoboa ukungu, bustani nzima ikameta kama imefumwa kwa uzi wa fedha. Ilipendeza. Nikawachukia zaidi.

Ni bustani yetu ya kwanza tangu turudi. Kambi ya kule Goma ilipovunjwa, mimi na mume wangu, Papa Aline, tulipanda mlima huu tukakuta magugu yanatufika kifuani. Na ndani ya magugu, hao: konokono wasio na nyumba, wanene kama kidole gumba. Miaka yote tuliyolala chini ya bashi, yale maturubai ya kambini, wao walikuwa hapa wananenepa.

Jumanne, tarehe 7

Mvua. Majivu yote yamekwenda bondeni.

Alhamisi, tarehe 9

Asubuhi nawaokota kwa mkono. Sufuria ya maji ya chumvi, kipande cha mti, subira. Ukungu ulikuwa mzito, sioni miguu yangu. Nilitembea kama mtu anayetembea ndani ya maziwa. Kengele ya ng'ombe ililia mahali fulani, juu au chini, sikujua. Kwa kitambo nikasahau nina umri gani. Nilidhani mama yangu yuko upande wa pili wa mstari, naye anaokota, na nikinyanyua kichwa nitamuona.

Sikunyanyua kichwa.

Papa Aline alisimama mlangoni akaniangalia. Alisema, "Hii udongo ilishazoea kukaa yenyewe. Haitutaki tena."

Niliendelea kuokota. Nimekuwa nikilijibu neno hilo moyoni kutwa nzima.

Jumamosi, tarehe 11

Nimeenda dukani kwa Mama Kahambu kutafuta chumvi nyingine. Yeye ni wa kule Butembo, lakini alirudi Nyamitaba kabla yetu sisi wenyeji, akafungua duka lake kama aliyetoka kunywa maji tu. Aliniangalia mikono, ilivyopasuka.

"Chumvi ya nini yote hiyo, dada? Utaua udongo. Weka kasiksi mu mikebe. Banapenda pombe kuliko bwana yako."

Akanipa mikebe mitupu ya tomate. Kasiksi, pombe ya ndizi, nimeitoa kwenye kibuyu cha Papa Aline. Hajui. Nimezika mikebe mpaka shingoni, midomo wazi usawa wa udongo.

Jumapili, tarehe 12

Baada ya misa tumeenda kuangalia pamoja. Mikebe imejaa. Koa wamelala humo wamevimba, harufu ya ndizi chachu imeenea bustanini kama harusi iliyopita. Papa Aline alichuchumaa, akachungulia, akasema, "Batu wa kwangu, mulikunywa yote bila kuniita?" Akacheka.

Sijamsikia akicheka tangu tuondoke Goma. Ningeweza kumimina kibuyu kizima kila siku kwa ajili ya sauti ile.

Jumatano, tarehe 15

Mvua haijanyamaza tangu Jumapili jioni. Mikebe imefurika, pombe imekuwa maji.

Mistari miwili imekwisha kabisa. Kabisa. Vimebaki vijiti vimesimama, kama watu waliovuliwa nguo. Nilikaa kwenye tope nikalia kwa sauti. Sikujali nani anasikia.

Papa Aline alikuja na kitenge, akanifunika kichwa. Kisha akasema alichokuwa anakitaka tangu zamani.

"Tuende kwa Aline. Mutoto iko na chumba, anatuita kila siku. Huku tutakula nini?"

Aline ni binti yetu, ameolewa Goma. Ni kweli anatuita.

"Mi siendi," nikasema. "Nilishachoka kuwa mugeni."

"Basi utakula konokono."

Alijuta mara moja, niliona. Lakini neno likishatoka limetoka.

Ijumaa, tarehe 17

Hatusemeshani. Ameshona mkanda wa mfuko wake. Anashona vibaya na sikumsaidia.

Nina hasira naye. Pia naogopa kubaki peke yangu juu ya mlima huu. Yote mawili yanakaa ndani yangu, hakuna linalomtoa mwenzake.

Mchana nililala kidogo nikaota. Milima imekuwa laini, inatambaa polepole kuelekea ziwani, na sisi tumelala juu yake hatushtuki.

Jumamosi, tarehe 18

Siku ya soko. Fuso ilikuja kuchukua viazi na watu. Nilimchemshia Papa Aline viazi vitamu, akala vyote, akanishukuru kama mgeni anavyoshukuru. Pale barabarani alinishika kiwiko.

"Nitaona mutoto, nitarudia."

Hakusema lini. Sikuuliza. Fuso ikaingia ukunguni, kwanza magurudumu, halafu mzigo, halafu watu waliokaa juu yake. Mlio wake ulibaki nyuma muda mrefu.

Nimerudi bustanini. Sikujua pa kwenda pengine.

Jumatatu, tarehe 20

Asubuhi nilifuata ute. Sina sababu, nilitaka tu kujua wanalala wapi. Unapita migombani, unapanda, unazunguka, mpaka kwenye mawe ya msingi wa nyumba yetu ya zamani, ile iliyochomwa siku tuliyokimbia. Pale pembeni unapinda na kurudi. Ndani hawaingii.

Tangu turudi, mimi na Papa Aline hatujaikanyaga. Tulijenga kibanda upande mwingine, mgongo wetu ukiielekea. Hatukukubaliana hivyo. Ilitokea tu.

Leo niliruka jiwe nikaingia. Sakafu ya makaa na changarawe, kavu, inayopigwa na jua kabla ya kila mahali. Nilisimama katika chumba tulicholala. Hapo nilimzaa Aline. Nilingoja kitu kibaya kinishike. Upepo ulipita tu, wa kawaida.

Jumanne, tarehe 21

Nimehamisha miche iliyobaki, nikaiingiza ndani ya yale mawe. Mama Kahambu alifunga duka, akaja na kapu la samadi. Alipoona ninapochimba alifanya ishara ya msalaba, akaanza kumwaga samadi.

Jumapili, tarehe 26

Miche imeshika. Koa wanazunguka mawe kila asubuhi, hawavuki. Sikuokota hata mmoja. Waende zao.

Jumatano, tarehe 29

Nimepanda juu ya mlima ambako rezo ya simu inapatikana. Papa Aline alipokea upesi, kana kwamba simu ilikuwa mkononi. Aline mzima. Yeye mzima. Goma vumbi.

"Na shu?"

"Zinashika."

"Wapi? Kwa ile tope?"

Nikamwambia.

"Mu chumba yetu?" akauliza.

"Mu chumba yetu."

 Nilisikia pikipiki za Goma zikipita nyuma yake, nyingi, na mtu akimwita mtu. Chini yangu ukungu ulikuwa unafunguka polepole, bonde linatokea kipande kwa kipande. Nikadhani simu imekatika.

Kisha akauliza kama pale chini ya dirisha kuna nafasi ya vitunguu.

Nikamwambia iko.