Chuma cha Buluu

Lodwar,
Jumapili, 12 Oktoba.

Kwa dada yangu Akiru,

Ejok, dada. Natumaini karatasi hii inakukuta ukiwa umesimama kwa miguu yako mwenyewe, tumbo limetulia na duka liko wazi. Wasalimie majirani wote wa Nakalale, na usiache kuniambia kama wale mbuzi wawili wamepona kikohozi. Sisi huku tuko salama. Joto limezidi, vumbi la mto limeingia hata ndani ya unga, lakini tunakula na shule inaendelea.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Wiki hii nimekupigia mara tatu. Mara mbili mtandao ulikataa, na mara ya tatu ulipokea, nikakuuliza habari za mbuzi, nikakata. Karatasi hainiachii njia ya kukata.

Unajua ninavyopenda chuma. Walimu wenzangu wakimaliza kusahihisha madaftari huenda kutazama mpira. Mimi hukaa nyuma ya nyumba nikigonga vipande vya springi ya gari mpaka mke wangu anifukuze. Sikuwa natafuta kazi nyingine. Ualimu unanitosha. Nilitaka tu mikono yangu ijue inachokifanya, ndiyo maana mwezi wa tano nikajiandikisha masomo ya Jumamosi katika chuo kimoja cha ufundi hapa mjini. Sitakitaja jina, maana kukitaja naona ni kama kukilamba.

Kijitabu chao kilikuwa kizuri. Kilikuwa na picha ya msichana mwenye glavu mpya, na orodha ya kozi nne: umeme, mabomba, magari, na kuchomelea. Nilichagua kuchomelea kwa sababu ya cheche, kama mtoto anayechagua peremende kwa karatasi yake. Sikuuliza kitu kimoja cha maana: je, kozi hii itafundisha mikono yangu nini? Wanaochomelea huunganisha chuma kilichokwisha kuwa na umbo. Mimi nilitaka kukipa umbo. Hayo ni mambo mawili, na sikuyajua.

Dada, mahali pale palinitia kinyaa tangu siku ya kwanza. Tulikuwa watu kumi na wanane na kinyago kimoja cha macho, kioo chake kimepasuka, ndani kina jasho na mate ya wote waliotangulia. Choo chetu sisi tuliofundishwa kuchomelea milango hakikuwa na mlango. Tulichomelea mabomba yaliyopakwa zinki ndani ya chumba kisicho na dirisha. Moshi wake ni mweupe, na unaacha mdomoni utamu mbaya ambao chai haiuondoi. Siku ya pili nilitetemeka kwa homa mbele ya darasa langu. Erupe, mkufunzi wetu, alituambia dawa yake ni maziwa, na maziwa akawa anayauza yeye. Mwisho wa kozi nilipewa cheti kinachosema nimefanya vizuri sana katika uchoraji wa kiufundi, somo ambalo halikufundishwa hata dakika moja. Nilikipokea, nikapeana mkono, nikapigwa picha.

Nyuma ya karakana kulikuwa na rundo la chuma cha mazoezi. Humo niliona vibao vya barabarani na mifuniko ya mitaro. Niliona miguu ya madawati ya shule, mingine bado ina chingamu zilizobandikwa na watoto. Nilimuuliza Erupe vitu hivyo vinatoka wapi. Alicheka, akanipiga bega, akaniambia, "Mwalimu, hapa tunafundisha kuchomelea. Hatufundishi historia." Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, dada.

Mwezi wa nane, shule zilipofungwa, nilikwenda Kakuma. Niliambiwa kambini kuna fundi Mkongomani, mzee Ilunga, anayefundisha uhunzi kwa wiki tatu katika banda la mabati, wakimbizi na wenyeji pamoja. Safari hii niliuliza kabla ya kuingia. Alinijibu kwamba kwake wiki ya kwanza ni penseli na tupa ya kusugulia chuma, ya pili ni tupa tena, ya tatu ndiyo kupuliza moto kwa vukuto na kugonga chuma juu ya fuawe. Nilimwambia nina cheti, labda ningeanzia kwenye moto. Alikisoma cheti changu, akakikunja vizuri, akanirudishia. "Hapa tunaanzaka na tupa, mwalimu. Moto itakuya nyuma."

Siku nne nilisugua kipande kimoja mpaka kikawa na pembe nne za kweli. Nilijifunza kuchora kitu kabla ya kukigusa, kutambua chuma laini na chuma kigumu kwa cheche zake, na kusoma rangi ya moto, kuanzia nyekundu ya damu hadi manjano ya majani makavu. Mtu akiniuliza leo achague kozi gani kwa ajili ya kupenda tu, nitamwambia achague ile inayoanza polepole. Nilikuwa na furaha. Nakuandikia neno hilo na linaninukia vibaya.

Maana sikwenda Kakuma mikono mitupu. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta chuma chake, nami nilibeba kipande kutoka lile rundo la Lodwar: nondo nene ya pembe nne, ndefu kama hatua moja, yenye rangi ya buluu. Mzee Ilunga aliuliza nimekitoa wapi. Nilimwambia nilikinunua kwa watu wa vyuma chakavu.

Pale bandani nilifanya kazi jozi moja na Achai, mama wa Kidinka aliyeishi kambini miaka kumi na mitatu, mkono wake wa nyundo ni mzito kuliko wangu. Siku ya moto ilipofika nilimwomba anipigie nyundo kubwa. Alikiokota kile chuma kabla sijakitia motoni, akapitisha kiganja chake upande mmoja, pale buluu ilipokuwa imekwisha na chuma kinang'aa.

"Hapa imelainika kwa mikono," akasema. "Mikono ya mama wengi. Hii ni ya maji, mwalimu."

Nilimjibu kwamba sasa ni chuma tu. Alikilaza chini taratibu, kama anayelaza mtoto, akasema, "Mimi sipigi hii." Akaenda kufanya kazi na mtu mwingine. Niliona haya kidogo, kisha nikaona hasira, kisha nikampata kijana wa kunipigia nyundo. Nilikata chuma kile vipande, nikavivuta motoni, vitatu vikawa miguu na kimoja nikakipinda duara. Mzee Ilunga alinisifu kwa maungio. Nikakipaka mafuta, nikakifunga kwenye gunia, nikampa dereva anayekuja kwenu.

Ndiyo, dada. Ni kile kiweko cha sufuria.

Ulinitumia ujumbe wa sauti kunishukuru. Ulisema kimesimama imara na wanawake wanakuja kukitazama. Halafu, kwa sauti ileile, ukasema bahati mbaya hakina mengi ya kubeba, kwa sababu tangu mwezi wa sita wezi walikata mkono wa pampu yenu na mnachimba maji lagani, kwenye mchanga wa mto mkavu, pamoja na mbuzi. Ukasema ulikuwa umelazwa zahanati siku tatu kwa kuhara, na kwamba mtoto wa Nangiro, jirani yako, alilazwa nawe na hakurudi nyumbani. Ukasema laiti mkono ule ungepatikana, ungetambulika, maana kamati ya maji ilipiga nukta nne kwa msumari karibu na ncha.

Nukta hizo nilizipiga tupa kwa mkono wangu, dada, wiki ya kwanza. Nilizihesabu kwanza, kisha nikazisugua mpaka zikaisha, na nikajisifu jinsi tupa yangu ilivyokwenda sawa.

Nilitoka nje ya chumba cha walimu nikatapika ukutani, wanafunzi wakiniangalia. Lakini ngoja, usinihurumie bado, maana sijafika kwenye ungamo lenyewe. Usidhani nilidanganyika. Siku niliyokiona chuma kile kwenye rundo, kilikuwa bado na kichwa chake na mnyororo wake. Nani aliyezaliwa Turkana asiyejua mkono wa pampu? Nilijua. Nilishika grainda mimi mwenyewe nikakata kichwa, ili mtu asiulize. Nilijua ni ya watu. Sikujua tu kwamba ni yenu. Tangu Julai nilikula, nikalala, nikafundisha somo la maji safi darasa la sita, wala tumbo langu halikusumbuka. Lilisumbuka niliposikia jina la Nakalale. Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko moshi, kuliko choo, kuliko Erupe. Kama ingekuwa pampu ya watu wa mbali, kule Todonyang, mpaka leo ningekuwa nawaonyesha watu picha ya kiweko changu.

Nilimwendea Erupe. Hakukana. Alisema, "Wewe ndio ulikata. Mimi nilikuwa natengeneza chai." Ni kweli, alikuwa anatengeneza chai. Nikaenda polisi nikaandika maelezo, jina langu la kwanza na lake la pili. Walipofika chuoni siku mbili baadaye lile rundo halikuwapo. Ua umefagiwa, na kuna kundi jipya la wanafunzi wanapigwa picha na glavu. Kesi yake sijui itafika wapi. Yangu nimeambiwa nisubiri kuitwa, na mwalimu mkuu nimemweleza.

Kisha nikarudi Kakuma kuwaambia. Mzee Ilunga alimwaga maji kwenye makaa, akasema leo hatufundishi, akaingia ndani. Achai ndiye aliyebaki. Aliniuliza kwa nini, kwa kuwa sasa mimi ni fundi, nisiwatengenezee ninyi mkono mpya mimi mwenyewe. Nilifikiri njia nzima ya kurudi, na nikaona ningefurahia. Ningechagua chuma, ningechora, ningepiga tupa, na ningekuja kwenu nikitarajia kusifiwa. Sikutaka kuchuma raha nyingine kwenye pampu ile. Nimeagiza mkono wa kiwandani kutoka Eldoret, na kichwa chake, na mnyororo. Fundi wa pampu atakuja navyo Ijumaa, nami nitakuja naye kubeba tu mizigo. Nyundo na fuawe nimempa Achai.

Nina ombi moja. Waite wanawake wa kamati, na Nangiro, kama ataweza kuvumilia, uwasomee barua hii yote, hata pale ninapojitetea. Kiweko usikitupe kabla hawajakiona. Wakiamua nisikanyage Nakalale, nitashusha mizigo barabarani nigeuke.

Nawasalimu wote kwa kichwa kilichoinama. Mke wangu anakusalimu. Nilimwambia kila kitu jana. Nawe nakusalimu kwa kukuomba unywe maji yaliyochemshwa mpaka hiyo Ijumaa.

Ni mimi ndugu yako,
Aukot.