Chakula Alichonichagulia Dada

Jumatatu, 4 Machi
Nimebadilisha chakula! Dada kanifungua macho leo dukani kwake. Anasema kuku wangu wanashinda nje, wanachakura, wanakula wadudu na majani — chakula cha watagaji cha nini? Nichukue cha kukuzia vifaranga, chokaa ya kukazia maganda ya mayai watajiokotea ardhini. Nikamuuliza mara ya pili. Akacheka: anayeuza chakula ni yeye au mimi? Basi. Dada yangu wa tumbo moja, nimtilie shaka kwa gunia la chakula? Nimebeba.

Jumapili, 17 Machi
Mayai yananipasukia mkononi. Mengine hayana ganda kabisa, ngozi tu. Kinyaa! Na sasa kuna anayeyadonoa kiotani. Dada alipita mchana, akamwona Kishungi ana ute mdomoni, akatoa hukumu papo hapo: mla mayai haachi, achinjwe. Nilisita. Kishungi ndiye mtagaji wangu bora. Mwisho tukamchinja. Dada kala paja, na mchuzi akaongeza.

Jumanne, 19 Machi
Mama Keki karudisha trei. Hakufoka — afadhali angefoka. Mayai yanamvunjikia kwenye unga, anaokota maganda kwa kijiko, na Jumamosi ana keki ya harusi. Atatafuta kwingine. Ndiye anayechukua karibu mayai yangu yote! Akiondoka, hawa kuku nawafuga wa nini? Mume wangu kasema nikamuulize dada, mtaalamu ni yeye. Haya, kesho.

Jumatano, 20 Machi
Nimekwenda kwake bila kupiga simu. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Kuku wake wanazurura kama wangu, vumbi lilelile, majani yaleyale. Lakini kwenye chombo chao — chakula cha watagaji! Pembeni sufuria kuukuu, imejaa maganda ya kombe yaliyosagwa. Nikaokota yai, nikaligonga kwa kucha. Gumu. Na juu ya meza ya jikoni kikapu cha Mama Keki, kile chenye mpini uliofungwa kitambaa chekundu, kimejaa mayai.

Dada akatokea anafuta mikono. Hata hakubabaika. Kasema mteja hana mwenyewe, na ushauri alinipa bure, ningeweza kuukataa. Njiani nikalia kama mtoto, watu wananitazama. Kishungi wa watu alikuwa anatafuta chokaa tu. Na dada alijua, akamshika miguu nikamchinja!

Jumamosi, 23 Machi
Mama kapiga simu. Yaishe, ni dada yako, usitoe ya ndani nje. Nikamuuliza ameyajuaje, maana sijamwambia mtu. Kumbe dada alimweleza toka mwanzo, naye kaona si vibaya, mteja atabaki kwenye familia. Kwenye familia! Mimi ni nani basi, mpangaji?

Naandika nimesimama dirishani. Dada yuko uani kwangu. Kaja na gunia la chakula cha watagaji, mume wangu kalipokea — tena anashukuru! Kachota kwa bakuli, anawaita kuku kwa mluzi ninaowaitia mimi. Wote wanamkimbilia. Sasa anauliza kwa sauti trei ziko wapi, aniokotee mayai, na mume wangu anamwonyesha —