Fahali Aliyetoka Mbio

Shosho wangu,

Goti linaendeleaje? Niko Ndanai kwa kina Chebet, yule tunayesoma naye chuo. Huku mvua ya saa nane haikosi.

Unakumbuka ukiniuliza nitapimaje uzito wa makundi ya galaksi ambayo siwezi kuyafikia? Katikati yake kuna gesi ya moto sana inayong'aa kwa eksirei. Kadiri ilivyo moto, ndivyo uzito unaoizuia isitoroke ulivyo mkubwa.

Jana mamake Chebet alitaka kumpa fahali dawa ya minyoo, na dawa ikizidi inamdhuru. Hana mizani. Ana kamba yenye mafundo: anaizungusha kifuani mwa ng'ombe, na fundo linamwambia kilo. Nikajitolea kupima. Fahali alikuwa ametoka tu kufukuzwa kwenye mahindi, anahema. Nilipokuwa nasoma fundo, mama akanizuia:

"Wacha! Ng'ombe yenye imekimbia inadanganya kamba. Ngoja itulie."

Alipotulia nikapima tena, na kipimo kikashuka fundo zima. Shosho, hapo nikaona kosa langu! Kuna makundi mawili ya galaksi yaliyonisumbua mwaka mzima. Yamegongana, gesi yake bado imevurugika na ina moto wa ziada kama fahali aliyekimbia, na mimi nayapima kama yaliyotulia! Nikamweleza mama.

"Hata hizo, ngoja zitulie."

"Mama, hiyo ni mabilioni ya miaka."

"Basi kunywa chai kwanza."

Sijawahi kupata mwalimu kama huyu. Amenifungia mafundo kwenye kamba yangu mwenyewe, nakuletea upime ndama wako. Akishatulia.

Mungu akutunze, Shosho.

Mjukuu wako, Wanjiku